Embe la Masasi linahitaji meza na mzani kabla ya kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limetuweka kwenye vikao huku Masasi tangu msimu wa maembe uliopita, yaani kituo cha kuchambua na kufungasha matunda. Kwa kazi mimi ni mchuuzi wa jumla. Nanunua maembe Ndanda, Chikundi, Lukuledi na vijiji vya upande wa Nachingwea, nayapeleka Mtwara mjini na mengine Dar es Salaam. Kabla ya biashara hii nilifanya kazi kiwandani kwenye meza ya kuchambulia korosho, nikitenga nzima na vipande, nyeupe na zilizoungua. Kupanga madaraja nimekufanya kwa vidole vyangu, na hasara ya kutopanga nailipa kila msimu kwa fedha yangu.

Kwenye kikao kimoja cha kikundi chetu alikuja mgeni na picha za mashine. Alieleza vizuri. Embe linaingia upande mmoja, linasuguliwa na brashi laini chini ya maji, linapulizwa na feni likauke, linabingirishwa kwenye rola huku kamera zikilipiga picha pande zote, kompyuta inaamua, kisha kikombe kilicholibeba kinainama na kulitua kwenye njia ya daraja lake. Mashine nyingine zina mwanga wa infraredi unaokadiria sukari iliyomo ndani bila kulikata tunda. Sina shaka nazo hata kidogo. Zinafanya kazi kwenye vituo vikubwa vya machungwa na matofaa huko Afrika Kusini na Ulaya, ambako mzigo huingia kwa wingi miezi mfululizo. Watu wetu walipiga makofi, na sasa yapo mazungumzo ya kuomba mkopo, pengine hata zile asilimia 10 za mapato ya halmashauri zinazokopeshwa vikundi, ili tuagize mtambo kama huo.

Nilisimama nikauliza unachambua kiasi gani kwa saa. Nikajibiwa kwamba mdogo kabisa katika alizonazo ni wa tani 5. Lori la Fuso tunalokodi hubeba mzigo wa tani 7 hivi. Maana yake mzigo wa vijiji kadhaa, uliokusanywa kutwa nzima, ungepita kwenye mtambo huo kwa saa moja na nusu, kisha mtambo ukae ukingoja Fuso nyingine. Na maembe yetu yanakuja kwa wingi kati ya Novemba na Januari. Deni la mkopo linatembea miezi yote 12.

Huku kusini tunayo historia ya mitambo kutangulia mazao, na wazee wetu wanaikumbuka. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yalikuja, reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Ardhi na mvua havikuwa vimepimwa sawasawa, na mwaka 1951 mpango ulifutwa. Bandari tunayo mpaka leo na tunaishukuru. Reli iling'olewa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na jambo letu. Viwanda vikubwa vya korosho vilijengwa hasa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mkopo, vyenye mitambo ya Kiitaliano na Kijapani: Masasi, Newala, Mtama, Nachingwea, Lindi na kwingineko. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia. Viwanda vilikosa korosho, vingi vikafungwa, na majengo yakageuzwa maghala. Kosa kubwa halikuwa la mitambo ile. Waliohesabu walihesabu uwezo wa mtambo, hawakuhesabu kile kitakachoingia ndani yake.

Sasa tujiulize maembe yetu yanaharibikia wapi.

Yanaanza kuharibika yakiwa bado mtini. Inzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye huku Afrika Mashariki aligunduliwa mwaka 2003, anatoboa ganda na kutaga mayai. Siku ya kununua unaona kitone kidogo tu kama cha ncha ya sindano, au huoni kabisa. Siku ya kuuza ndani mna funza. Chule, ugonjwa wa ukungu, nayo inaingia tunda likiwa changa, inajificha kimya chini ya ganda, na embe linapoiva ndipo madoa meusi yanapotandaa. Hakuna kamera ya kupiga ganda kwa juu itakayoona chule iliyolala. Linaloweza kufanyika kituoni ni kuzamisha maembe kwenye maji ya moto ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 5 hivi, na hilo ni pipa, jiko, kipimajoto na mtu mwaminifu wa kutazama saa.

Halafu kuna kuchuma. Wengi huku wanatikisa tawi au wanapiga kwa mti mrefu, embe linaanguka, linapasuka ndani bila kuonyesha nje. Lililokatwa kikonyo karibu na tunda linatoa utomvu mkali unaochoma ganda, na baada ya siku mbili alama inakuwa nyeusi, nawe mnunuzi unaambiwa umeleta maembe yaliyooza wakati ndani ni mazima kabisa. Dawa yake ni rahisi: chuma na kikonyo kirefu, kituoni likate kikonyo kibaki kama sentimita moja, lilaze kifudifudi kwenye wavu mpaka utomvu uishe kudondoka, ndipo ulioshe. Maji yenye chokaa kidogo yanasaidia kuondoa utomvu uliogusa ganda. Nimefanya hivyo na maembe ya Ndanda na rangi yake sokoni ilikuwa nyingine kabisa na ya wenzangu.

Baada ya hapo maembe yanarundikwa juani kandokando ya barabara. Tunda likishachumwa bado linapumua na kutoa joto, ukiliacha juani saa sita mchana unaliivisha na kuliozesha kwa pamoja. Kisha yanajazwa kwenye salfeti au tenga kwa lumbesa, shingo imeshonewa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia, na utingo anapanda juu kwa miguu ili yatoshe. Ndipo safari ya kilomita zaidi ya 500 hadi Dar es Salaam inaanza. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, sote tuliona jinsi mkoa mzima unavyotegemea njia ile moja. Lakini hata barabara ikiwa nzima, embe la chini kwenye lumbesa halifiki.

Mhariri, nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hakuna hata moja linalotibiwa na mtambo wa kamera. Embe lililopigwa kwa mti, likachomwa na utomvu, likashinda juani, likakanyagwa na utingo, mtambo utalipiga picha na kuliweka daraja la mwisho. Tutakuwa tumekopa mamilioni kuambiwa jambo ambalo mwanamke yeyote wa soko la Masasi anakuambia kwa kulitazama.

Nilizungumza na mzee mmoja wa Chikundi, nikamsihi asitikise miti yake, achume kwa mti wenye mfuko na kisu kwenye mdomo wa mfuko. Akaniambia, "Mwanangu, nikilishusha moja moja, wewe utaniongezea? Kwenu ndoo ni ndoo." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu anasema kweli. Sisi wachuuzi tunanunua kwa ndoo na kwa tenga, bei moja kwa yote. Aliyechuma kwa uangalifu na aliyetikisa wanaondoka na noti zilezile. Nani atajisumbua kupanda?

Na hapa ndipo ninapoona watu wa Mtwara na Lindi tumesahau kile tunachokijua kuliko watu wengi nchini. Sisi ni watu wa korosho. Tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, ilipoanza msimu wa 2007/08, mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa unyevu, zinapimwa uzito, zinawekwa daraja la kwanza au la pili, anaandikiwa, na mnadani kila daraja lina bei yake. Mfumo una matatizo yake na gazeti lako limeyaandika mara nyingi. Lakini hakuna mkulima wa Tandahimba asiyejua kwa nini aanike korosho vizuri na kwa nini asichanganye chafu na safi. Anajua kwa sababu analipwa kwa tofauti hiyo. Na kila mmoja wetu anajua kangomba ni nini, ule ununuzi wa kichochoroni wa kupima kwa bakuli, na kwa nini ulipigwa vita. Sasa maembe yetu yote tunayauza kwa mtindo wa kangomba, mchana kweupe, na hakuna anayeshangaa.

Kiwandani punje za korosho zilizobanguliwa zinaitwa kwa namba. W320 maana yake ni punje nzima nyeupe, na kwenye ratili moja zinaingia 300 hadi 320. W240 ni kubwa zaidi, W180 kubwa zaidi ya hizo. Mnunuzi aliye India au Marekani akisoma namba kwenye boksi anajua kilichomo bila kulifungua. Embe nalo lina mizani yake inayotambuliwa kimataifa, katika viwango vya chakula vya Codex: kundi A ni gramu 200 hadi 350, kundi B ni 351 hadi 550, kundi C ni 551 hadi 800. Si siri na si jambo la kompyuta. Mzani wa mezani wenye betri unatosha kuanzia, na dada anayelishika embe kwa wiki mbili mfululizo atakuwa analitambua kundi lake kabla hajaliweka juu ya mzani. Nimeona kwa macho yangu wanawake waliotenga W240 na W320 kwa kuangalia tu, msimamizi akipima sampuli anakuta wamepatia.

Uzito una faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Nchi zinazoogopa inzi wa matunda, Marekani ikiwa mojawapo, zinataka maembe yazamishwe kwenye maji ya nyuzi 46 kwa zaidi ya saa moja ili mayai na funza wafe, na muda huo unategemea uzito wa embe. Kubwa linahitaji dakika nyingi zaidi kuliko dogo. Ukichanganya makubwa na madogo, ama madogo yanapikika, ama funza wa makubwa wanasalimika. Kwa hiyo hata siku tukitaka soko la mbali, kazi ya kwanza ni kutenga kwa uzito. Sisemi tukimbilie Marekani kesho. Nasema hatua hii haipotei hata tukibaki na soko la Temeke Stereo, Dar es Salaam, na hoteli za Mtwara.

Meza ninayoiwazia naweza kuichora. Urefu wake ni wa kiunoni, ili mtu asiiname kutwa. Upana ni wa mikono miwili kukutana katikati, wachambuzi wakikaa pande zote mbili. Juu yake zipo rola zilizotengenezwa kwa mabomba ya plastiki, zinazozungushwa na mota ndogo, na umeme ukikatika zinazungushwa kwa mkono, ili embe lijigeuze lenyewe na mchambuzi alione pande zote bila kulinyanyua. Kila mahali embe linapotoka hatua moja kwenda nyingine pawe na sponji iliyofunikwa turubai linalooshika, na lisianguke kimo cha zaidi ya shubiri. Mwanzoni pawe na beseni mbili za kuoshea, maji yawe na klorini kiasi cha miligramu 100 hadi 200 kwa lita, yabadilishwe yakichafuka, maana maji machafu ya kuoshea husambaza uozo kutoka embe moja hadi mengine yote. Juu kuwe na paa lenye nafasi ya hewa na taa nyeupe. Taa za rangi zinaficha madoa, hilo tulilijua kiwandani tangu wiki ya kwanza.

Chuma, mota, beringi na mabomba hayo yote yanapatikana madukani Mtwara na Masasi. Mafundi wa kuchomelea tunao, na wengi wao wamewahi kutengeneza mikanda na yale machekeche ya kuzunguka yanayotenga korosho ghafi kwa ukubwa kabla ya kubanguliwa. Beringi ikivunjika Jumatatu, Jumanne kazi inaendelea. Mtambo wa kamera ukizima katikati ya Desemba, fundi wake anatoka Dar es Salaam kama si ng'ambo, na embe halina subira hiyo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanafundisha uchomeleaji mkoani kwetu. Sioni kwa nini kazi hii isianzie mikononi mwao.

Kuna wenzangu waliosema tusijenge chochote, tutumie maghala ya AMCOS yaliyopo. Nawaheshimu, lakini hawajaangalia kalenda. Maembe na korosho vinakuja pamoja. Kuanzia Oktoba mpaka Januari maghala yamejaa magunia mpaka darini, malori yamepanga foleni nje, vumbi halitulii. Ghala la korosho limejengwa kuzuia unyevu, limefungwa, bati linawaka. Embe linataka hewa na ubaridi wa kiasi. Na kwenye ubaridi huo pia tuwe waangalifu: mtu mmoja alipendekeza tukodi chumba cha barafu cha wavuvi Mikindani. Embe likikaa chini ya nyuzi 10 linaumia kwa baridi, ganda linapata mabaka na halitaiva vizuri tena. Kiwango chake ni nyuzi 10 hadi 13. Chumba cha samaki kinaliua.

Kwa habari ya maji, Masasi tuna bahati ambayo wenzetu wengi wa Newala na Tandahimba hawakuwa nayo kwa miaka mingi. Mradi wa Mbwinji unaleta maji Masasi na Nachingwea. Hiyo peke yake ni sababu ya kuweka kituo cha kwanza huku.

Nataka pia niwasemee wale watakaokaa mezani, maana kwenye kikao kizima sikusikia mtu akiwataja. Watakuwa wanawake. Kiwandani mafuta ya ganda la korosho yalitubabua vidole, na utomvu wa embe nao unawasha na kubabua ngozi ya wengi. Glavu ziwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, zisiwe zawadi. Viti viwe na pa kuegemea mgongo. Macho yanachoka: mtu akitazama matunda yanayopita mbele yake kwa saa nyingi bila kupumzika, anaanza kupitisha mabovu bila kujua, kwa hiyo wabadilishane nafasi, anayechambua akafungashe, anayefungasha akachambue. Na malipo yasiwe kwa kilo. Nimefanya kazi ya kulipwa kwa kilo na najua inavyokwenda: mkono unakimbia, jicho linaachwa nyuma. Mchambuzi alipwe kwa siku, na kazi yake ipimwe kwa sampuli inayochukuliwa kwenye boksi lililokwisha kufungwa.

Kuhusu kufungasha sina mengi. Kreti za plastiki zenye matundu, zinazopangwa moja juu ya nyingine bila embe la kreti ya chini kubeba uzito wa kreti ya juu, zitaokoa maembe mengi kuliko kifaa kingine chochote nilichokitaja hapa. Zinarudi na Fuso, zinaoshwa, zinatumika tena misimu kadhaa. Kwa wateja wa hoteli na maduka, boksi la kilo 4, embe zikipangwa safu moja tu. Lumbesa sheria ya vipimo inaikataza tayari, na Wakala wa Vipimo waje kukagua mizani yetu kama wanavyokagua ya korosho, ili mkulima asiwe na wasiwasi.

Lakini nisilisahau lile la mzee wa Chikundi, maana bila hilo meza nayo itakuwa samani tu. Mkulima afike na mzigo wake, asimame auone ukichambuliwa, kisha apewe karatasi: kilo ngapi kundi A, ngapi B, ngapi C, ngapi zimekataliwa na kwa sababu gani. Zimetobolewa na inzi, zimechomwa na utomvu, zimepasuka, changa. Kila kundi liwe na bei yake iliyobandikwa ukutani asubuhi ile. Yaliyokataliwa kwa sura tu lakini ni mazima yaende kwenye kukaushwa au juisi kwa bei yake, na yenye funza yazikwe kwenye shimo la kina, yasitupwe chini ya miti, kwa sababu inzi wanaoanguliwa hapo ndio wa msimu ujao. Mkulima akisoma kwenye karatasi kwamba theluthi ya mzigo wake imekataliwa kwa kupasuka, hahitaji semina. Mwaka ujao atatafuta mti wenye mfuko mwenyewe.

Karatasi hizo zikikusanywa msimu mzima kwenye daftari la kituo, tutakuwa na kitu ambacho leo hakuna mtu Masasi anacho. Tutajua siku ya mzigo mkubwa kabisa tulipokea tani ngapi, na siku ya mzigo mdogo ngapi. Tutajua kwa aina za maembe, dodo ni sehemu gani, bolibo sehemu gani, sindano sehemu gani. Hilo ni muhimu kwa mashine, kwani aina nyingi za kwetu huiva ganda likiwa bado na ukijani, na ukomavu wake unaonekana kwa mabega ya tunda kujaa kuzunguka kikonyo, wakati kamera nyingi zimezoeshwa maembe ya biashara yenye wekundu kama Kent na Tommy Atkins. Tutajua kama nyanya, ndimu na machungwa yanaweza kulisha kituo miezi ambayo hakuna embe. Hapo ndipo mtu wa mashine aitwe tena, na safari hii sisi ndio tutakaomwambia tunataka nini. Pengine itakuwa mashine ya vikombe vinavyopima uzito, isiyo na kamera, ya tani moja kwa saa. Pengine kweli tutahitaji kubwa, na nitakuwa wa kwanza kufurahi. Lakini tutakuwa tunanunua kwa hesabu.

Ninachowaomba viongozi wa halmashauri yetu ni kwamba mkopo, ukipatikana, usisainiwe kwa ajili ya mtambo msimu huu. Sehemu yake ndogo inunue kreti, mizani miwili, beseni, vipimajoto na chuma cha meza, na ijenge banda lenye sakafu ya saruji na maji ya bomba. Maofisa ugani waje wakae nasi wiki za kwanza kutufundisha kuweka mitego ya inzi na kutambua chule. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu watuambie mapema masharti ya kila soko tunalolitamani, tusije tukayasikia mzigo ukiwa bandarini.

Na wenzangu wa kikundi, wake kwa waume, naomba tukutane kabla ya Septemba kuamua haya. Korosho zikianza kuanguka hakuna atakayepatikana kwenye kikao, na Novemba maembe yatakuwa barabarani Ndanda kama kawaida, kwenye salfeti.

Mchuuzi wa matunda,
Masasi, Mtwara